Dhahabu na Fedha Mdomoni: Khabari Zake za Zamani na Utunzaji Wake

Miaka hii, katika harusi zetu za hapa Uingereza, limezuka jambo linalowagawa watu wa nyumba moja. Vijana wetu, wanaume kwa wanawake, huja wamevaa vifuniko vya meno vya dhahabu au vya fedha, vya kuvaa na kuvua, na wazee wakiviona hushika vichwa wakasema kuwa haya ni mambo ya Wamarekani na wala hayana asili. Kuhusu Marekani wana haki kidogo, kwani mtindo wa sasa ulienea kutoka New York katika miaka ya 1980, kwa kazi ya watu kama Eddie Plein, ambaye jamaa zake asili yao ni Suriname. Lakini kusema kuwa hayana asili, hapo sikubaliani nao. Nimeona niandike khabari zake katika kitabu chetu hiki, kwa sababu ndani ya khabari hizo mna pia mafunzo ya kuvitunza.

Katika karne ya 9 mtumishi mmoja wa serikali ya Kichina ya ukoo wa Tang, jina lake Fan Chuo, aliandika juu ya makabila ya upande wa Yunnan, kusini-magharibi ya Uchina. Akawataja watu wa Meno ya Dhahabu na watu wa Meno ya Fedha, waliofunika meno yao ya mbele kwa bamba la madini hayo. Wakitoka kuonana na watu wakivaa, na wakati wa kula na kulala wakivua. Karne 4 baadaye Marco Polo naye akaandika kuwa katika nchi hiyo wanaume, si wanawake, huyavika meno yao dhahabu, ya juu na ya chini. Nchi hiyo aliiita Zardandan, nalo ni neno la Kiajemi: zar ni dhahabu, na dandan ni jino.

Angalieni hilo la kuvua wakati wa kula na kulala. Ndilo neno la kwanza atakalokuambia tabibu wa meno leo. Chakula huingia kati ya jino na kifuniko, mate hayafiki kukisafisha, na vijidudu vikipata sukari hufanya asidi inayolila jino. Aliyelala nacho usiku kucha, dhahabu yake itabaki na jino lake litatoboka.

Sasa, kati ya dhahabu na fedha kipi bora mdomoni? Wenye ilimu wa kwetu walikwisha kulijibu swali hili. Sahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamfanyia uvundo, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na Tirmidhi akaongeza kuwa wanavyuoni zaidi ya mmoja walifunga meno yao kwa dhahabu. Kisha akaja Abul Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki mnamo mwaka 1013. Katika juzuu ya mwisho ya kitabu chake At-Tasrif, inayohusu upasuaji, anaeleza namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, yakashikwa na meno mazima ya jirani. Akasema dhahabu hubaki katika hali yake, na fedha haichukui siku nyingi ila hubadilika na kuharibika.

Sababu yake inajulikana. Mdomoni mna salfa, ya vitunguu, ya mayai, na ya vile vijidudu vya ulimini, na salfa ikikutana na fedha hufanya utando mweusi. Tena fedha ya sonara si tupu. Ile iliyopigwa chapa ya 925 ina sehemu 75 za shaba katika 1000, na riale ya Shamu, ambayo masonara wa Oman wakiiyayusha kufanya bangili na mitali, ilikuwa na shaba zaidi, maana fedha yake ni 833 tu. Dhahabu nayo ina mambo yake. Ya karati 24 haibadiliki lakini ni laini, kwa hiyo huchanganywa, na ile ya karati 9 inayouzwa kwa wingi hapa ina dhahabu 375 katika 1000. Kijana akilalamika kuwa dhahabu yake imepiga weusi, na atazame chapa kwanza.

Kifuniko kioshwe kila kikivuliwa, kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa watoto, ndani na nje, kisuuzwe sana, kikaushwe, kiwekwe peke yake. Dawa ya meno isitumike, ina chembe zinazokwaruza. Na maji ya klorini ya kufulia yasikaribie kabisa, kwani hula madini yaliyochanganywa na dhahabu. Ndimu, ukwaju na jivu tuliwachia sinia za shaba. Fedha iliyoingia weusi ilazwe juu ya karatasi ya aluminiamu katika maji ya moto yenye magadi ya kupikia: salfa huiacha fedha ikaifuata aluminiamu, na fedha haipungui kama inavyopungua kwa kusuguliwa. Ila chenye vito vilivyogandishwa kwa gundi kisifanyiwe hivyo.

Mimi si mufti, lakini Arfaja alikuwa na dharura. Mwanamme mwenye meno mazima asiifanye hadithi ile kuwa hoja ya kuvaa dhahabu.

Wazee wetu wa pwani walipenda jino moja la dhahabu, la kudumu, liwake mtu akicheka. Marehemu shangazi yangu akilisugua lake kwa kijiti cha mswaki asubuhi na jioni, wala hakulitia mkaa na chumvi kama wengine, na alifanya vyema, kwani mkaa hukwaruza. Aliye nalo auangalie zaidi ufizi, pale dhahabu inapoishia, maana uozo huanzia hapo.

Liko pia swali linaloulizwa kwa kunong'ona msibani: jino hilo litolewe au lizikwe? Wanavyuoni wamesema likitoka kwa wepesi ni mali ya warithi, na likiwa halitoki ila kwa kuvunja au kujeruhi huachwa, kwa heshima ya maiti. Aliye nalo awaambie watoto wake mapema kama linavulika au halivulika, wasije wakashindana mbele ya waosha maiti.