UNAIONA KUKOPI PICHA KWENYE KOMPYUTA NI KITU KIDOGO? CHEKI ILIVYOANZA 1975

Ingia steshenari yoyote ya Singida mjini. Hukosi kumkuta kijana yuko bize kwenye kompyuta ya mezani, anatengeneza lebo za mafuta ya alizeti, yale yanayopangwa kando ya barabara kuuziwa abiria. Anachora lebo moja, anakopi, anapesti mpaka karatasi inajaa. Picha inatua hapo hapo na hakuna anayeshangaa. Lakini wadau, zamani hiyo ilikuwa shughuli pevu.

Mwaka 1973, kule California, kituo cha utafiti cha Xerox PARC kilitengeneza kompyuta inaitwa Alto. Kioo chake kilikuwa na nukta 606 kwa 808, yaani karibu laki tano, nyeusi na nyeupe tu. Kila nukta ilikuwa biti moja kwenye memori. Programu ikihamisha picha kwa kubeba nukta moja moja, ni sawa na kutoa alizeti shambani punje kwa punje wakati magunia yapo.

Na magunia yalikuwepo kweli, maana Alto ilisoma memori biti 16 kwa mpigo. Shida ni kwamba picha haianzii pale gunia linapoanzia. Inaweza kuanza biti ya 5, na inakokwenda ikatakiwa ianzie biti ya 11. Lazima usogeze biti zote pembeni, ufunike za jirani zisiguswe, ndipo uandike. Novemba 1975 Dan Ingalls, Diana Merry, Larry Tesler na Bob Sproull wakaandika operesheni moja inayomaliza yote hayo, wakaiita BitBlt. Baadaye Ingalls akaisuka upya, akaishusha mpaka kwenye maikrokodi, ngazi ya chini kabisa ya mashine. Ukipiga hesabu, kioo kizima ni safari zisizofika 31,000 badala ya laki tano!

Kulikuwa na mtego mwingine. Chukua abiria wa siti ya nyuma ya basi, wote wasogee kulia nafasi moja. Akianza wa kushoto, atamkalia mwenzake mapajani. Lazima aanze wa kulia kabisa. BitBlt nayo inaangalia kwanza picha inaelekea upande gani, la sivyo picha inajifuta yenyewe.

Sasa huku Bongo? Mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Wala haukuwa ushamba, kwa sababu Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965. Kompyuta za mezani zimekuja kuenea miaka ya 1990, na wakati huo BitBlt ilishakaa ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la 1985. Amiga ya mwaka huo huo ilikuwa na saketi maalumu kwa kazi hiyo. Kizazi ambacho kingeweza kukaa meza moja na kina Ingalls kilikosa hata mashine ya kujifunzia. Inauma kidogo, tuseme ukweli.

Na kama kompyuta ya steshenari bado inaganda ukipeleka bango la send-off, msimlaumu kijana wa watu. Nukta ya Alto ilikuwa biti 1, ya leo mara nyingi ni biti 32. Nukta ile ile, mzigo mara 32.