Hasira ina wimbo wake: jinsi muziki unavyosaidia kutua mzigo wa moyo

Hasira hasara, tunaambiwa tangu utotoni. Lakini hasira humjia kila mtu: ng'ombe wameingia shambani, hela ya matumizi haionekani, ndugu wamegombania urithi. Ukiimeza inakukosesha usingizi. Ukiitoa kwa ngumi inavunja nyumba. Ipo njia nyingine, nayo ni kuimba.

Wenyeji wa Kisarawe na Kibaha wanaijua. Katika ngoma za Wazaramo, kama mdundiko na mkole wa kumtoa mwali, maneno mazito huimbwa kwa mafumbo. Mlengwa hatajwi jina, lakini ujumbe unamfika.

Taarabu nayo imebeba machungu ya watu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba “Kijiti”. Wimbo huo unahusu mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Bara. Mtuhumiwa alitoroka, wakafungwa wanawake waliotoa ushahidi. Watu wasio na sauti mahakamani wakapata pa kusemea.

Kwa nini inasaidia?
Kuimba kunakulazimu kutoa pumzi ndefu, na pumzi ndefu hupunguza mapigo ya moyo. Maneno ya wimbo yanaipa hisia jina. Na wenzako wakiitikia, unajua hauko peke yako.

Ufanyeje?
• Anza na wimbo unaofanana na hali yako. Ukiwa na uchungu, usijilazimishe wimbo wa furaha.
• Imba, hata kwa kuguna, ukiwa shambani au jikoni. Kisha hamia nyimbo za taratibu.
• Jiulize: nimekasirika, nimeumia au naogopa? Mara nyingi chini ya hasira kuna jambo jingine.
• Jichunguze. Mipasho mingine huchochea ugomvi. Ukiona unazidi kupanda, zima redio, tembea kidogo.
• Ukishapoa, kaa na mhusika mzungumze. Wimbo hufungua mlango tu, haumalizi deni wala mgogoro wa mpaka.

Kama unapigwa, au unahisi unaweza kumdhuru mtu au kujidhuru, usibaki na redio peke yako. Mweleze mtu unayemwamini, kisha nenda kituo cha afya, kwa ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.