Boksi Dogo, Mdundo Mzito

Msikilizaji, kijana anayepima mbao nyuma ya kiti cha Suzuki Samurai ili atie spika ya besi, ana deni kwa Mmarekani Edgar Villchur. Kabla ya 1954 mdundo mzito ulidai kabati kubwa kama la nguo. Mwaka huo Villchur akatoa AR-1: boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa iliyofungiwa ndani ikawa ndiyo springi ya spika. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia akatoa hesabu za maboksi yenye tundu. Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Mafundi wetu, ajabu, bado hukisia! Nami nilikisia. Hewa ikavuja pembeni, mdundo ukawa mkoromo. Ikabidi nibandue zulia, nipake gundi upya.