Zuhura Mweusi na bahari isiyo na merikebu

Kwa Kiswahili, Zuhura ni ile nyota ing'aayo alfajiri, na pia ni jina la mtoto wa kike. Mdogo wangu anaitwa hivyo. Ndiyo maana nilishtuka nilipokutana na Zuhura wa Kirumi, Venus, akiwa mwanamke wa Kiafrika, katika mkusanyo wa makumbusho ya bahari ya Greenwich.

Mchoro wenyewe hauna rangi. William Grainger aliuchonga kwenye bamba la shaba kwa kufuata kazi ya Thomas Stothard, na jina lake ni "Safari ya Zuhura Mweusi kutoka Angola hadi West Indies". Ulitiwa katika kitabu cha historia cha Bryan Edwards, kilichotoka London mara ya kwanza 1793. Edwards alikuwa tajiri wa mashamba na watumwa Jamaica. Humo pia alichapa shairi la mwaka 1765 la Isaac Teale, kasisi aliyewahi kumfundisha, na mchoro unafuata shairi hilo.

Tazama sasa. Mwanamke amesimama juu ya kombe kubwa, amevaa mkanda mwembamba na vito tu. Pomboo wawili wanamvuta. Vitoto vyenye mabawa vinampepea kwa manyoya. Pembeni mungu wa bahari, ambaye kwa kawaida hushika mkuki wa ncha tatu, ameshika bendera ya Uingereza, huku Cupid akimlenga mshale wa mapenzi.

Mwenzetu mmoja klabuni alisema kwamba hapa mwanamke ndiye anayetawala: hatamu zimo mkononi mwake na wote wanamhudumia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana wasanii wa Ulaya wa wakati ule hawakuzoea kumpa Mwafrika nafasi ya mungu. Lakini mimi naangalia bendera. Inatuambia safari hii ni ya nani, na jina la mchoro linatuambia inaishia wapi. Na huo mshale unageuza tamaa ya wanaume wenye nguvu kuwa mapenzi, kana kwamba yeye ndiye aliyewateka.

Mwaka 1789, mjini humu humu, wapinzani wa biashara hiyo walichapisha ramani ya Brooks, merikebu ya Liverpool: miili imelazwa imebanana kama dagaa. Nayo ni nyeusi na nyeupe tu. Weka karatasi hizo mbili mezani na utaona kilichofutwa katika ile ya kwanza.

Nilimwonyesha bibi yangu, mzaliwa wa Tanga, picha ya Zuhura kwenye simu. Aliivuta ikawa kubwa, akaipitisha kidole kutoka pembe hadi pembe.

"Mbona yuko peke yake?" akaniuliza. "Wenzake wamewaweka wapi?"