Usukani na Honi ya Volkswagen 1200
Gari la aina hii lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Usukani wake ni chuma kilichovikwa plastiki ngumu, ambayo hupasuka kwa jua na uzee. Fundi hutanua kila ufa, huujaza gundi ya epoksi, hupiga msasa mpaka kidole kisihisi kovu, ndipo hupaka rangi.

Honi ndiyo yenye ujanja. Umeme huifikia kupitia fyuzi; kubonyeza hukamilisha tu njia ya ethi, kwa waya unaopita ndani ya mhimili wa usukani. Chini kuna kiungo cha mpira kisichopitisha umeme. Waya mfupi unaokivuka ukikatika, honi hunyamaza ingawa ni nzima, na wengi hununua mpya bila haja. Kagua waya huo kwanza.