Tarehe ya Ukoo wa Lincoln Katika Wasia na Daftari za Mahakama

Mnamo Desemba ya mwaka 1859, rafiki zake walipomtaka awaandikie habari za maisha yake ili wapate kumtangaza kwa watu, Abraham Lincoln, wakili wa Springfield katika jimbo la Illinois, alimpelekea mmoja wao, Jesse Fell, barua fupi ambayo habari za wazee wake hazikujaza ndani yake ila mistari michache: kwamba babu yake, aliyemwachia jina, alihama Rockingham katika Virginia akaingia Kentucky yapata mwaka 1781 au 1782, kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili aliuawa kwa kuviziwa na wenyeji wa asili wa nchi ile alipokuwa akifyeka msitu afanye shamba, kwamba wazee wa babu huyo walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Quaker waliotoka wilaya ya Berks katika Pennsylvania, na kwamba jitihada ya kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England haikuzaa kitu ila kufanana kwa majina. Mtu ambaye kabla ya mwaka kutimia alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani aliijua nasaba yake kwa kiasi hicho tu, na haifai kumlaumu, maana ukoo wa walowezi wanaohama kila kizazi huyaacha makaburi yao nyuma na masimulizi yao njiani.

Walakini nasaba hiyo haikupotea. Ilikuwa imelala katika masanduku ya makarani wa mahakama, toka Massachusetts hata Kentucky, imeandikwa na watu ambao hawakukusudia kuhifadhi tarehe ya mtu awaye yote. Walichotaka kujua ni nani anamiliki ng'ombe yupi, nani anadaiwa, na ardhi imwendee nani mwenyewe afapo. Ni kwa sababu hiyo mimi huiamini shahada yao kuliko ya jamaa, kwani jamaa husimulia ili kusifu au kusitiri, na karani huandika ili apate ada yake.

Mzee wa kwanza katika bara lile alikuwa Samuel Lincoln, kijana mfumaji kutoka Hingham ya Norfolk, Uingereza, aliyevuka bahari mwaka 1637 akakaa katika mji wa Massachusetts uliopewa jina lile lile la Hingham. Mwanawe Mordecai alikuwa mhunzi, na wasia wake wa mwaka 1727 ukawataja watoto wake, miongoni mwao Mordecai wa pili na Abraham, ambao walikuwa wamekwisha kuhamia kusini. Huko Monmouth, katika New Jersey, limebaki kaburi la mtoto wa kike wa Mordecai wa pili, Deborah, aliyefariki mwaka 1720 kabla hajatimiza miaka minne. Kisha Mordecai akahama tena, akaenda Pennsylvania, na huko akafa mwaka 1736.

Hapa ndipo penye fundo ambalo Rais hakuweza kulifungua. Wasia wa Mordecai wa pili, ulioandikwa Februari mwaka huo na kuthibitishwa Juni, uliwapa wanawe Mordecai na Thomas shamba alilokuwa akikaa, na mwanawe mkubwa John ukampa eka 300 zilizoko New Jersey. Eka hizo 300 ndizo daraja: mtu wa Pennsylvania asingekuwa na ardhi New Jersey pasipo sababu, na aifuataye sababu hiyo hufika Monmouth, na toka Monmouth hufika kwenye wasia wa mhunzi wa Massachusetts. Wasia ule ule una sharti lingine la kupendeza, kwa kuwa mkewe alikuwa mjamzito, na marehemu akaagiza kwamba akizaliwa mtoto mwanamume, shamba ligawanywe mafungu matatu. Akazaliwa mwanamume, akaitwa Abraham, naye akaja kumwoa Anne Boone, wa ukoo wa Daniel Boone yule maarufu. Mtafiti Samuel Shackford alipoichapisha silsila hiyo kwa utaratibu mwaka 1887, aliyeitamani alikuwa kaburini kwa miaka 22.

John alihamia Virginia mwaka 1768, na huko mwanawe Abraham, babu wa Rais, akapata cheo cha kapteni katika jeshi la mgambo. Mwaka 1780 aliuza eka 250 ili ajiandae kwa safari ya Kentucky, na hati ya mauzo ndiyo itupayo jina la mkewe, Bathsheba. Sheria ya Kiingereza ilimpa mke haki ya matumizi katika theluthi ya ardhi ya mumewe akifiwa, hivyo mnunuzi mwenye akili hakuridhika mpaka mke aulizwe mbali na mumewe kama ameridhia, na jawabu lake liandikwe. Wanawake wengi wa zama zile wasingejulikana hata majina lau si hofu ya wanunuzi.

Katika Kentucky, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Virginia, Abraham alijipatia eka 400 kando ya kijito cha Long Run kwa hati iliyomwandika Linkhorn, kama sikio la karani lilivyosikia. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa katika mawindo ya Washawnee na mataifa mengine, ambao daftari za viwanja hazikuwaandikia haki yoyote, na vita vyao na walowezi vilikuwa vita vya watu wanaonyang'anywa. Siku moja ya Mei 1786 Abraham alipigwa risasi akiwa shambani, na mwanawe mkubwa Mordecai akamwua kwa bunduki, kutoka ndani ya nyumba, mtu aliyekuwa akimkaribia mdogo wake Thomas, mtoto wa miaka minane. Rais alidhani jambo hilo lilitukia miaka miwili mapema zaidi. Ardhi ya Long Run ilipimwa kwa jina la babu huyo akali hai mwaka 1785, na usimamizi wa mali yake haukuombwa mahakamani ila Oktoba 1788, tena katika wilaya ya Nelson, alikohamia mjane, wala si Jefferson alikouawa. Wathamini waliandika farasi, ng'ombe na ndama wao, bunduki, jembe la kukokotwa na majembe ya palizi. Ndiyo yaliyokuwa maisha ya mlowezi.

Amma ardhi, haikugawanywa. Sheria ya zamani ilimpa mwana wa kwanza ardhi yote ya baba aliyekufa bila wasia, na Bunge la Virginia lilikuwa limekwisha kuiondoa sheria hiyo, ila amri mpya ilipasa kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1787. Marehemu alitangulia kwa miezi saba. Msomaji wa pwani, aliyezoea mafungu ya mirathi yasiyomwacha mtoto yeyote mikono mitupu, atastaajabu kuona wana watatu wa baba mmoja, mmoja akaitwa bwana shamba, na Thomas, mdogo wao, akakua kibarua wa kutangatanga aliyejua kuandika jina lake tu. Umaskini aliozaliwa nao Rais chanzo chake ni miezi hiyo saba kuliko uvivu ambao waandishi wengi wamemsingizia baba yake.

Na kwamba hakuwa mvivu, mahakama zinashuhudia. Mwaka 1803 Thomas alinunua eka 238 katika wilaya ya Hardin kwa pauni 118. Upimaji ukatokea na kasoro, na mwaka 1814 akauza eka 200 kwa pauni 100. Shamba la pili, alilolinunua kwa dola 200 na ambako mwanawe alizaliwa tarehe 12 Februari 1809, liliingia katika daawa ya deni la mmiliki wa kwanza. La tatu, kwenye kijito cha Knob Creek, lilidaiwa na warithi wa mtu wa mbali wenye hati ya zamani. Kentucky ilipimwa kwa miti na mawe, kila mtu akijipimia, hata mipaka ikapandana. Na Thomas alipohamia Indiana mwaka 1816, alikwenda kwenye ardhi iliyopimwa na serikali kabla ya kuuzwa.

Hati iliyotafutwa kwa hamu kuliko zote ni ya ndoa yake. Waliotafuta walikwenda Hardin, alikokaa baadaye, wasiione ila ile ya ndoa yake ya pili ya mwaka 1819, na wenye husuda wakavumisha kwamba Rais alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 hati ikaonekana katika wilaya jirani ya Washington, iliyokatwa kutoka Nelson mwaka 1792 na ambako mjane wa Kapteni Abraham alikuwa amekaa: dhamana ya pauni 50 ya tarehe 10 Juni 1806, yenye sahihi ya Thomas Lincoln na Richard Berry, pamoja na taarifa ya mchungaji Jesse Head kwamba aliwaoza Thomas na Nancy Hanks tarehe 12. Uvumi ukafa kifo chake.

Lakini daftari nazo hudanganya wasomao kwa tamaa. Mwaka 1899 Caroline Hanks Hitchcock alichapisha kitabu kudai kwamba Nancy, mama wa Rais, ndiye yule Nancy ambaye Joseph Hanks, katika wasia wake wa mwaka 1793, alimwachia mtamba aitwaye Peidy. Dai lilikuwa zuri, lilimpa mama yule baba halali, na halikuwa sahihi: Nancy wa mtamba alikuwa mama yake mdogo. Aliyemzaa mama wa Rais alikuwa Lucy Hanks, ambaye baraza la washitaki la wilaya ya Mercer lilimshitaki kwa zinaa Novemba 1789, na ambaye Aprili iliyofuata aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ni mtu mzima na ameridhia kuolewa na Henry Sparrow. Mwaka 2015 uchunguzi wa chembe za urithi za upande wa wanawake uliafikiana na hati hizo. Binafsi namheshimu zaidi Lucy, mwenye kujua kalamu katika msitu ule, kuliko bibi wa kubuniwa.

Kuna watu wengine ndani ya masanduku hayo, nao ni watumwa, walioandikwa katika orodha za mali baina ya farasi na vyombo vya jikoni, kila mmoja na thamani yake. Hesabu za watumwa za serikali za mwaka 1850 na 1860 ziliandika umri na jinsia, aghalabu bila jina. Hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokombolewa wote kwa majina yao. Basi mjukuu wa mtumwa atafutaye wazee wake kabla ya mwaka huo hana budi kutafuta mirathi ya bwana aliyewamiliki, kwa maana wathamini, wasiwachanganye watu katika mgawanyo, waliandika majina.

Lincoln mwenyewe, wakili wa miaka mingi aliyewasimamia wengine mahakamani, alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865 na kufa siku ya pili yake bila kuacha wasia. Jaji David Davis wa Mahakama Kuu ya Marekani alishika usimamizi wa mali yake kwa idhini ya mahakama ya wilaya ya Sangamon, na mwishowe akaifunga hesabu kwa mafungu matatu sawasawa ya dola 36,991.54, moja la mjane Mary, moja la Robert, mwana wa kwanza, na moja la Thomas, kitinda mimba, aliyeitwa jina la babu yake.