Neno 'Chief' katika Historia ya Ukambani: Tatizo la Maana na Tafsiri

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyotumiwa kuandika historia ya Kenya, ni machache yaliyobebeshwa mzigo mzito kama neno 'chief'. Asili yake ni Kilatini, katika neno lenye maana ya kichwa, nalo lilipitia Kifaransa kabla ya kuingia katika Kiingereza. Likiwa nomino, humtaja mtu mwenye mamlaka juu ya watu. Likiwa kivumishi, huonyesha tu kwamba mtu au jambo fulani ni la kwanza kwa cheo au kwa umuhimu. Kiswahili cha Kenya kimezitenganisha dhima hizo mbili: nomino imekopwa ikawa 'chifu', ilhali kivumishi hutafsiriwa kwa 'mkuu', kama katika Jaji Mkuu. Makala haya yanachunguza matumizi ya neno hilo kuhusu watu wa Kitui na Makueni. Hoja kuu ni kwamba umoja wa neno katika Kiingereza umeficha tofauti za taasisi, na mfasiri asiyezitambua tofauti hizo huipotosha historia.

Mfano wa kwanza ni Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya pembe za ndovu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake Kitui mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya kutoka huko. Katika maandishi ya Kiingereza Kivoi huitwa 'chief'. Hata hivyo, Krapf mwenyewe alitambua kwamba Wakamba hawakuwa na mfalme, na kwamba mtu alipata ushawishi kwa mali, ufasaha wa kusema na sifa ya uganga wa mvua. Mambo ya jamii yaliamuliwa na 'nzama', yaani baraza la wazee. Naye 'muthiani' aliongoza vita au uvamizi, na uongozi wake ulihusu shughuli hiyo. Kivoi aliuawa karibu na mto Tana mwaka 1851. Ushawishi wa namna yake humfuata mtu. Haumwachii mrithi kiti. Kwa hiyo, kumwita 'Chifu Kivoi' katika Kiswahili ni kumpa cheo ambacho hakikuwapo katika jamii yake.

Cheo chenyewe kilizaliwa na sheria. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wakuu wa vijiji, na ile ya mwaka 1912 kuhusu mamlaka ya wenyeji, ziliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuwateua watu wa kutekeleza amri zake. Mteuliwa alisimamia kodi, kazi za umma na usalama, naye aliwajibika kwa mkuu wa wilaya. Neno ambalo asili yake ni kichwa likawa jina la mtu ambaye, kwa kweli, alikuwa mkono wa serikali.

Pengo kati ya jina na mamlaka lilidhihirika mwaka 1938. Serikali ilikuwa imeanza kuwalazimisha Wakamba wa wilaya ya Machakos kupunguza mifugo yao, kwa hoja kwamba malisho yalikuwa yamechakaa. Wilaya hiyo wakati huo ilijumuisha Mbooni na Kilungu, sehemu ambazo tangu 1992 zimekuwa za Makueni. Iwapo machifu wangekuwa vichwa vya jamii kama jina lao lilivyodai, wao ndio wangeyabeba malalamiko ya watu. Badala yake, mwezi Julai maelfu ya watu walikwenda Nairobi kudai kuonana na gavana, na aliyejitokeza kuwa msemaji wao ni Muindi Mbingu, ambaye hakuwa chifu. Serikali ilimpeleka uhamishoni Lamu, lakini uuzaji wa lazima wa mifugo ulisitishwa kabla ya mwaka kwisha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba cheo hicho kilibaki kitu cha kigeni daima. Mwendwa Kitavi alikuwa chifu maarufu wa Kitui katika enzi ya ukoloni. Mwanawe, Kitili Mwendwa, aliteuliwa mwaka 1968 kuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Jaji Mkuu wa Kenya, naye alikiacha mwaka 1971. Katika Kiingereza, baba na mwana wote wawili hutajwa kwa neno 'chief'. Kiswahili hakiruhusu mkanganyiko huo: baba alikuwa chifu, mwana alikuwa mkuu wa majaji. Mmoja aliwekwa juu ya watu wa eneo fulani. Mwingine alitangulia wenzake katika taaluma moja.

Aidha, mkopo huu haukupata maana moja katika Afrika ya Mashariki yote. Tanganyika, 'chifu' lilitumika kuwajumuisha watawala wa jadi kama watemi na wamangi, ambao mamlaka yao ya kiserikali yaliondolewa mwaka 1963. Kenya, chifu amebaki mtumishi wa serikali, ingawa marekebisho ya mwaka 1997 yalimpunguzia madaraka aliyorithi kutoka sheria ya kikoloni ya 1937. Mitaani nako vijana huitana 'chifu' kwa utani na heshima, pasipo cheo chochote.

Ni dhahiri, basi, kwamba kila 'chief' wa nyaraka za kale anastahili kuulizwa: alipewa mamlaka na nani, juu ya nani, na kwa muda gani? Kivoi ataitwa tajiri na kiongozi wa misafara. Mwendwa Kitavi ataitwa chifu. Kitili Mwendwa ataitwa Jaji Mkuu. Kuwatofautisha hivyo ni kuirudishia nzama nafasi yake katika historia, kwa kuwa palipoandikwa 'chief' pekee, baraza zima la wazee limefutika.